Geti Jeusi la Ilazo

Saa nne asubuhi Ndahani anapiga.
"Dada, nipo hapa Ilazo, geti jeusi, kama ulivyosema.
Simu yake haipatikani."
Nasikia upepo umejaa kwenye sauti yake,
nasikia pikipiki ikinguruma, hajaizima,
petroli yangu inaungua mbele ya geti la mtu.

Jana usiku aliniita kipenzi.
"Kipenzi, lile gauni rangi ya maziwa lipo?
Niletee kesho, nalipa nikipokea."
Akaweka na mioyo mitatu.
Nikaihesabu, mimi mjinga. Nikapiga pasi,
nikakunja kwenye karatasi laini, nikatia na pipi mbili.

Ndahani alisubiri dakika arobaini.
Pazia la juu lilicheza mara moja.
Sisemi kulikuwa na mtu. Nasema pazia lilicheza,
na hapa Dodoma upepo ni shahidi wa kila kesi.

Nina kaunta buku, kwaya mbili, jalada lina madoa ya chai.
Kushoto waliolipa. Kulia mizigo iliyorudi.
Yumo wa Kisasa, viatu namba thelathini na nane:
alivivaa, akazunguka navyo sebule nzima, akasema vinabana,
jioni akanunua jozi ileile kwa jirani yangu
kwa kupunguziwa elfu mbili.
Yumo wa Mtumba, kitambulisho kinaning'inia shingoni:
"Sikuagiza mimi. Labda mtoto alichezea simu."
Na yule wa Nkuhungu, tuliyesoma darasa moja,
alipokea Ijumaa, "jioni natuma,"
Jumatatu gauni likarudi. Halijamkaa, alisema.
Lilirudi na marashi ya ukumbini,
na tone la mchuzi wa pilau karibu na pindo.

Elfu nne kwenda. Elfu nne kurudi.
Ndahani halipwi kwa uaminifu wa mteja,
analipwa kwa kuwa tairi limezunguka.
Nami namlipa.

Nikaandika kwa herufi kubwa:
NUSU KWANZA, NUSU UKIPOKEA.
Simu ikanyamaza siku tatu.

Siku ya nne akapiga mama wa Nzuguni, Mama Lechipya.
Hakuniita kipenzi. Alisema, "Mbukwenyi,"
akataka shuka mbili, kitanda cha tano kwa sita.
Nikamtajia sharti.
Akakaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Mwanangu, mwaka jana nilituma yote.
Elfu sitini, hela ya karanga zangu.
Nikaletewa mfuko. Ndani mna viroba vya salfeti,
vimekunjwa vizuri, unaweza kulia.
Na yule naye aliandika kwa herufi kubwa."

Nikatafuta neno, nikapata kikohozi.
Miezi yote nilidhani geti lina upande mmoja,
huu wa nje, wenye vumbi, ninaosimama mimi.

Sikumtuma Ndahani peke yake. Nilipanda nyuma,
mzigo mapajani, macho nimeyafumba kwa mchanga.
Mama alikuwa kando ya barabara,
hela ameifunga fundo kwenye pembe ya khanga.
Akafungua mfuko kwanza. Nikamwacha.
Akavuta mshono, akainua shuka juani,
akalinusa, akalipima kwa shubiri zake mwenyewe.
Ndipo akafungua fundo.
Nikahesabu mara mbili, mbele yake, kwa sauti.
Hakuna aliyeudhika.
"Haya," alisema, "sasa tumejuana,"
akanitilia karanga kwenye mfuko ule ule uliobaki.

Usiku simu ikaita mlio wa ujumbe.
Namba ya Ilazo.
"Kipenzi jamani, jana chaji iliniishia.
Lile la maziwa bado lipo? Leo nalipa kweli."
Mioyo minne safari hii.

Nikatafuna karanga moja, nikatafuna ya pili.
Nikaandika:
Lipo, kipenzi. Limetundikwa Majengo, kibanda cha tatu.
Njoo ulijaribu.
Nauli ni elfu nne.