Pete za Ndani

Nimeitwa kushika ngazi.
Hawajui, au wanajua na wamenyamaza,
kwamba nguzo hizi kumi na nne za Chikongola
nondo zake nilizikunja mimi.

Mhandisi Asumta Chinguile anagonga zege
kwa nyundo yake yenye springi: tak.
Anasoma namba, anaandika.
Thelathini na moja. Ishirini na nane.
Kumi na tisa. "Hii imelala," anasema,
kama muuguzi wa zamu.

Huku chini ni maduka, mbele hakuna ukuta,
mageti ya kukunja na mwanga wa barabara tu.
Juu, vyumba vya wageni. Juu yake tena
Bwana Mkwinda amepanga magunia ya korosho
mpaka darini, anangoja bei.
Jengo limejitwika mzigo, na miguu ni fito.
"Likitikiswa," anasema Asumta, "halitalala kama mti.
Litapiga magoti."

Mimi nilidhani anatafuta nyufa.
Waliotufunza kuziba ufa hawakutuambia
habari za nguzo isiyo na ufa,
inayopakwa rangi kila Idi,
inayoegemewa na wauza vocha.

Mwezi wa nne, usiku, sufuria ziligongana kabatini
na mbwa wa mtaa mzima wakabweka kwa pumzi moja.
Sekunde sita. Hakikuvunjika hata kikombe.
Watu walicheka, wakarudi kulala.
Mimi nilikaa kitandani mpaka adhana
nikihesabu pete.

Ulikuwa mwaka wa gesi. Mtwara nzima ilikimbia:
kiwanja cha mihogo Jumatatu,
Ijumaa kina msingi.
Mchanga uliletwa usiku; niliulamba, una chumvi,
nikatema, nikaendelea.
Mchoro ulisema pete kila sentimita kumi karibu na kiungo.
Nilipima kwa shibiri.
Baada ya chakula cha mchana, shibiri na nusu.
Na zile ncha za pete, zinazotakiwa kuingia moyoni mwa nguzo
kama kidole kilichonasa ukosi wa mtoto ukingoni mwa kisima,
sikuzikunja. Kukunja kunachubua kiganja,
na nani angeona?
Vipande vilivyobaki niliviuza Magomeni.
Vilizaa mabati kumi na sita.
Mpaka leo hayavuji.

Asumta anapitisha kifaa chake juu ya plasta.
Kinalia, kinanyamaza, kinalia.
"Hiki kinaona chuma," anasema, "hakioni kulabu.
Itabidi nichimbe, au nikisie.
Nami nikikisia, hukisia baya."
Kisha ananitazama:
"Fundi, unashika ngazi au unashika nguzo?"

Kiganja changu kilikuwa pale. Sikujua kimefikaje.

Nikamwomba chaki.
Nikachora mstari: hapa ipo. Hapa ipo.
Nikashuka, nikashuka, mkono ukizidi kuwa mzito,
na plasta nyeupe ikizidi kuwa ndefu: hapa hakuna.
Hapa hakuna. Hapa, chini kabisa, ipo moja.
Bwana Mkwinda akaacha simu yake.
Muuza vocha akasogea, akaisogeza na meza.

"Na kulabu?"

Nikanyoosha kidole cha shahada,
kikabaki kimenyooka.

Asumta hakunisema. Aliandika mistari mitatu,
akaipigia mstari chini, akavunja chaki mpya,
akanipa nusu.
"Zimebaki kumi na tatu," akasema,
na ngazi akaibeba mwenyewe.