Chumvi ya Jumatano

Kwetu Mikindani mwaka huu Idd zilikuwa mbili
na sufuria ni ileile moja.

Shaibu alipigiwa simu usiku: mwezi umeonekana,
si hapa, huko kwa watu, lakini mwezi ni mmoja.
Baba akajibu kutoka mkekani,
"Mmoja, ndiyo. Na macho yangu ni yangu."
Mlango wa uani ukafungwa kwa nguvu kidogo.

Jumatano Mama akala daku na Baba,
kisha, bila kurudi kulala, akaanza kukaanga vitunguu vya Shaibu.
Hela ya korosho ilishakuwa hadithi tangu Januari:
nyama kilo moja na robo, tukaongezea viazi,
na zile korosho za kuvunjika, zisizouzika,
tukazimwaga juu kama watu wenye nazo.

Pilau ikaiva. Harufu ikapanda ukuta, ikakaa kwenye fito,
na hapakuwa na wa kuonja.
Mama amefunga. Mimi nimefunga.
Shaibu yuko uwanjani, anaswali na wenzake.
"Kamwite Nankonda," Mama akasema.

Mama Nankonda akaja na upawa wake mwenyewe,
msalaba wa mpingo shingoni, unga wa muhogo viganjani,
akaonja, akafumba jicho moja.
"Siwema, hii haina chumvi. Mtoto afungulie maji?"
Akatia mwenyewe, vidole vitatu, bila kuuliza,
kama Mama anavyomenya ming'oko yake kila Krismasi
wala haulizi sufuria ipi.

Shaibu akala peke yake, kanzu ina mikunjo ya dukani,
mbele yake sinia la watu sita.
Mara mbili akauliza kama Baba ameamka.
Mara mbili nikasema hajalala.
Akala kidogo, akafunika.

Jioni mawingu ya masika yakapasuka upande mmoja.
Baba akasimama uani na macho yake mawili,
lenye ukungu na lile linalojitahidi.
"Ule pale, Babu!" Somoe akaruka, kidole juu ya paa la jirani.
Baba akatazama pasipokuwa na kidole.
"Nimeuona," akasema.
Shaibu akaja nyuma yake, akamshika mabega,
akamgeuza taratibu, kama mtu anayeweka kabati sawa,
hadi uso ukaelekea magharibi.
"Nimeuona," Baba akarudia, sauti chini zaidi.
Mama akaingia ndani kutafuta kitu asichokihitaji.

Alhamisi, kabla hawajatoka kuswali,
nilimkuta Baba jikoni, taa haijawashwa,
kanzu kaipandisha magotini, amechuchumaa
anabandua ukoko wa Idd ya Shaibu.
Akaniona. Akamaliza kutafuna kwanza.
"Huyu Nankonda," akasema,
"chumvi anaijua."