Maneno Yote

Hull, Jumanne, manyunyu tangu alfajiri.
Bi Doreen wa ofisi ya makaburi ananigeuzia kioo cha kompyuta:
"Andika mwenyewe. Majina yenu huniponyoka."

Naandika: Shee Famau Bwanaheri.
Chini pana machaguo mawili, neno lolote au maneno yote.
Nachagua yote. Mama kanisisitizia kwa simu,
babu asipunguzwe hata herufi.
Mashine inapachika alama ya kujumlisha mbele ya kila jina:
msalaba mdogo, tena msalaba mdogo, tena,
juu ya Mwislamu wa Faza.

Matokeo: 0.

Naongeza: mchochea makaa. Naongeza: 1951.
Nilidhani anayeeleza zaidi huelewekwa zaidi.
Kumbe kila neno ni bawabu,
na bawabu wa tano hajali umepitishwa na wanne.
Sifuri.

Najaribu neno lolote. Wanamiminika elfu sita,
kila aliyezikwa mwaka ule, kila aliyelisha tanuri la meli,
hata kitoto cha siku mbili.
Kila mmoja kashika kipande cha babu,
babu mwenyewe hayumo.

Kwetu "na" haina makuu:
chai na mkate, mimi na wewe,
nina, una, ana.
Sikujua kwamba inaweza kufunga mlango.

Nafuta Famau. Sifuri.
Nafuta Shee. Sifuri.
Kwa Bwanaheri kidole kinagoma.
Bi Doreen anakamua jani la chai kwa kijiko:
"Bado unayataka yote, mpenzi?"

Nafuta.

Yamebaki makaa na mwaka. Wanakuja kumi na mmoja.
Wa saba: Shaw, Ben Harry.

Nalisoma kwa sauti. Nalisoma tena, mbiombio,
kama mtu aliyetoka zamu, kikohozi kifuani,
anayemjibu karani asiyeinua macho:
Benhari.
Bwanaheri.

Safu ya J, kando ya ukuta wa reli.

Nampigia mama.
"Yote matatu?"
"Mawili, mama, nayo yamepindwapindwa. Lakini ni yeye."
Kimya. Nasikia redio yake, nasikia sufuria ikifunikwa.
Bi Doreen kesha chonga penseli, anangoja.

"Mwambie," anasema mama,
"aandike na Famau."