Usiku Tulipokwama Burleigh

Saa nane usiku simu ya Odell ililia,
naye alikuwa keshavaa viatu.
Mtu wa kazi hii, aliniambia, halali; hujinyoosha tu.

Hospitalini, kijana Tavion ana risasi pajani,
mama yake kashika soksi moja yenye damu
kama aliyetumwa kuifua akasahau bomba liko wapi.
Odell hakuuliza nani kapiga.
Aliuliza: "Nani hayupo hapa, na alipaswa kuwepo?"
"Jaquan," mama akasema. "Binamu yake."

Tulimkuta kona ya Burleigh, kofia hadi kwenye nyusi,
mkono wa kulia mfukoni, na ule mfuko una uzito.
Baridi ya Milwaukee haibishi hodi,
huingia hadi kwenye jino bovu.
"Panda," Odell akasema, "nina njaa."
Hakusema amani. Hakusema Mungu.
Miaka kumi na sita ya gereza ilimfundisha
kuwa neno jema likitolewa mapema huchacha kama maziwa.

Kijana akapanda. Kwa nini, sijui hadi leo.
Labda kwa sababu gari lilikuwa na joto.

Hatukufika mbali, tukakwama thelujini.
Gurudumu likasaga, likalia, likajichimbia shimo lake lenyewe.
Odell akapiga usukani, akatukana, akatukana kweli,
kisha akamgeukia: "Shuka usukume. Wewe ndiye mwenye mgongo."

Sasa, mtu hasukumi gari kwa mkono mmoja.
Nilimwona amesimama nje anapiga hesabu,
pumzi yake ikipanda mbele ya taa.
Akafungua mlango, akaliweka lile dude juu ya kiti,
taratibu, kama anayelaza mtoto wa mwenzake,
akalifunika kwa skafu.
Odell hakulitazama. Mimi nililitazama.
Lilikuwa dogo. Dogo kuliko simu ya mama yangu ya zamani.
Nikamkumbuka kaka yangu, Lavar.
Usiku wake yeye haukuwa na theluji.

Tukamwaga chumvi, tukatandika mazulia ya gari,
tukasukuma, moja, mbili, tukaanguka wote,
na Jaquan akacheka. Kilimtoroka tu,
akaziba mdomo kwa kiganja,
kisha kicheko kikageuka, kikawa kile kingine,
na Odell akamshika shingoni, wakasimama hivyo,
injini ikinguruma bure, mafuta yakiisha.

Waliosema hasira hasara hawakutueleza
hasara yenyewe inacheleweshwaje.
Ni hivi: kwa mayai na viazi saa kumi na moja alfajiri,
kwa kahawa mbaya, kwa ubishi wa mpira wa kikapu,
hadi dirisha likawa la kijivu.

Sitasema aliokoka. Skafu aliondoka nayo,
na kilichokuwa ndani.
Mchana ule Odell alimpigia mara tisa.
Ya tisa akapokea: "Ndiyo kwanza naamka. Unataka nini, mzee?"

"Nina njaa," Odell akasema.