Thamani ya Mabaki

Mvua ya mawe ilinyesha dakika kumi na moja
hapa Yorkton, Jumanne, saa ya watu kula,
mawe kama mayai ya kuku,
na nilipotoka nje, sufuria kichwani,
nilikuta gari langu limetoka ndui mwili mzima.

Boneti, paa, buti, milango ya kushoto,
sikuona kiganja kimoja cha bati kilichosalimika.
Kioo cha mbele, buibui wamefuma usiku kucha.
Nikatia ufunguo. Injini ikakohoa, ikanguruma,
kama mtu ambaye habari hazijamfikia.

Ijumaa akaja mkadiriaji wa bima,
kijana, Tanner Wiebe,
viatu vyake vyeupe vikiogopa matope yangu.
Akalizunguka mara mbili na taa yake ndefu,
akahesabu vishimo, akafika mia mbili, akaacha.
"Bibi Hnatiuk," akasema, "hili limekufa."
Kisha, kwa upole: "Kwa karatasi."

Marehemu gani huyu, nikamuuliza,
aliyenipeleka kazini leo alfajiri,
mimi na masanduku mawili ya viazi vya watoto wa shule?

Akanifanyia hesabu kwenye boneti, kalamu ikizama vishimoni.
Kulitengeneza, elfu tisa.
Lenyewe, zima, lilikuwa elfu nne na mia mbili.
Tukilichukua, unapata hundi yote.
Ukibaki nalo, tunakata mia sita, thamani ya mabaki.

"Yaani ninunue gari langu?"
"Ndiyo, bibi. Wapo wanaofanya hivyo."

Nimenunua mengi katika maisha haya.
Nimenunua hata kaburi, safu ya tatu, ubavuni kwa Orest.
Lakini changu, kwa mtu asiyewahi kukikalia,
hilo lilikuwa geni.
Nikatia sahihi.

Larysa akapiga simu kutoka Toronto:
Mama, chukua hela zote, utafute jingine, watu watasemaje?
Nikamwambia watu wa hapa wanatazama ngano yao.
Sikumwambia kuhusu tanuri la nyumba,
linalozimika kila baridi ikifika thelathini chini ya sifuri,
ambalo hundi hii ndiyo itakayolizika.
Wala kuhusu kiti cha abiria,
kilicholazwa nyuma tangu Februari ya mwaka juzi,
siku tuliyokwenda hospitali wawili.
Usitupe mbachao, wanasema.
Mbachao wangu una magurudumu manne.

Gus Pelletier akanibandikia kioo kipya,
akakagua taa, breki, mikanda,
akanipa cheti chenye alama ya kidole chake cha grisi.
Kwenye kadi ya gari wamepiga muhuri, neno moja,
litakalobaki hapo hata nikiliuza, nami siuzi.
Bima nayo imebaki nusu:
nikimgonga mtu, watamlipa.
Likiibwa, pole. Likiungua, pole.
Nimelindiwa ulimwengu dhidi yangu,
mimi sijalindiwa chochote.

Watoto shuleni wanaingiza vidole kwenye vishimo
wakiwa foleni ya supu, mmoja ana chake, karibu na tangi,
na hapendi mwingine akiguse.
Mvua ya kawaida ikipita, shomoro wanakunywa juu ya paa.

Mwezi wa nane mawingu yakageuka kijani tena.
Mtaa mzima ukakimbia na mablanketi, magodoro,
jirani yangu Corliss akavua hata pazia la sebuleni
kulifunika gari lake jipya, bado lanuka duka.
Mimi nilikuwa na chai mkononi.
Niliwatazama, nikacheka kidogo, Mungu anisamehe.

Kisha nikaweka kikombe chini,
nikavaa sufuria,
nikatoka, nikaingia upande wa abiria,
nikajilaza kama kiti kilivyolala.

Yakaanza.
Yaligonga, yakagonga,
yakitafuta mahali papya.