Vitufe vya Kalunde

Ofisi ya ushirika wa asali, Ipuli.
Juu ya kioo, vitufe thelathini na kimoja
vimebanana kama abiria wa treni ya Mpanda,
kila kimoja na mzigo wake,
kila kimoja kinataka dirisha.

Kalunde amebandika kipande cha plasta
chini ya bahasha yenye mshale.
"Nabonyeza hapa tu. Kwingine kote ni pori."
Mwezi wa Mei kidole kiliteleza:
oda ya madumu arobaini ikaondoka na taka.

Nikakaa kwenye kiti chake. Nikang'oa
bendera, nyota, mkasi, kengele,
na kijibrashi ambacho hata mimi
sijawahi kujua kinapaka nini.
Futa nikaitenga na Jibu,
kama unavyotundika mizinga mbali na njia ya shule.

Vikabaki vitatu: Andika. Jibu. Tuma.
Akautazama ule weupe kimya,
kama mtu aliyerudi nyumbani
akakuta kabati limehamishwa.

Kisha akabandua plasta, taratibu, kwa ukucha.
"Nirudishie ile printa.
Mwenyekiti haamini barua isiyoingia mfukoni."

Haya. Vinne.