Mlango wa Stesheni

Chini ya ngazi, kwa mzee Vendelín,
stesheni ya Lhotka imesimama tena,
haizidi mkate.
Kuta ni kadibodi, paa ni msasa
uliokatwa kwa wembe.
Kutu ya mabati: chai iliyolala.
Masizi ya dohani: unga wa penseli.

Mlango ndio umemshinda.
Mara ya nne sasa anaukwangua.
“Ulikuwa kijani, babu. Picha hii hapa.”
Picha haijui.
Libuše aliupaka upya kipupwe kile,
kwa rangi iliyobaki ya kitanda cha mtoto,
wiki mbili kabla reli hazijang'olewa.

Anachovya brashi.
Buluu. Hapana,
buluu iliyotiwa maziwa kidogo.

Treni ya saa kumi na mbili inapita bila kusimama.
Yeye anapuliza mlango ukauke.